Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: ufunguo wa chumba cha meno ukae hospitali

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima ya kazi yako, na kwa kuwa umri wako ni wa kaka yangu mkubwa. Ningeweza kuyaandika haya na kuyatumbukiza kwenye sanduku la maoni pale mapokezi. Nilishafanya hivyo Ramadhani ya mwaka jana. Sanduku lile lina kioo mbele, na Ijumaa iliyopita nikiwa nimesimama pale nimemshika mtoto mkono niliiona karatasi yangu bado imo ndani, imekunjwa mara nne vilevile nilivyoikunja. Ndiyo maana safari hii naandika mbele za watu.

Ijumaa hiyo, saa kumi na moja na dakika 10 jioni, mwanangu Jafari aligongwa mdomoni na kiwiko cha mwenzake wakicheza mpira uwanja wa shule. Ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Jino la mbele la juu lilitoka lote na mzizi wake. Si jino la utoto. Lile lilitoka zamani, nikalirusha mwenyewe juu ya paa kama mama alivyoyarusha ya kwetu. Hili lilikuwa jino la ukubwani, la kuzeeka nalo.

Sikupiga kelele. Nilijua la kufanya, Daktari, na nilijua kwa sababu yako. Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, mlikuja shuleni kwetu na turubai, spika na maboksi ya dawa za meno. Tabibu wa meno alisimama mbele ya watoto na meno makubwa ya plasta mkononi akatufundisha: jino la ukubwani likidondoka, litafuteni haraka, mlishike kwenye kichwa chake na si kwenye mzizi, msilisugue, liwekeni kwenye maziwa, mkimbieni nalo hospitali, kwa sababu nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani na ikipita saa moja matumaini yanapungua sana. Baada yake ukashika kipaza sauti wewe. Ulituambia dharura haina saa, na kwamba hospitali yetu ya wilaya iko wazi saa 24 kwa ajili yetu. Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili na daftari, nikaandika. Ninalo hapa mezani.

Basi tulifanya kama tulivyofundishwa. Walimu wawili na watoto zaidi ya 20 walijipanga mstari mmoja, wakainama, wakatembea polepole juu ya lile vumbi kama wanaookota korosho. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye aliyeliona, chini ya mkorosho wa kona. Nikalishika kwenye kichwa. Mwenzangu alishakimbia dukani kwa Mangi akarudi na pakiti ya maziwa, tukamimina kwenye kikombe cha plastiki cha uji, tukalitumbukiza. Bodaboda alitupakia mimi na mtoto, nikakifunika kikombe kwa kiganja njia nzima, maziwa yakimwagika kwenye gauni kila tukiruka tuta. Tulipofika hospitali nilitazama saa. Dakika 25 tangu jino litoke.

Mlango wa chumba cha meno ulikuwa na kufuli.

Kuna karatasi imebandikwa pale, unaijua, inasema huduma za meno ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Nikachungulia dirishani. Kiti kipo. Taa yake ipo, kabati la vioo lipo na vifaa vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani. Kila kitu alichohitaji mwanangu kilikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama na kikombe changu. Muuguzi wa zamu, mama mwenye huruma kabisa, aliniambia ukweli: ganzi ipo, waya wa kufungia meno upo, lakini ufunguo anao tabibu, na tabibu amesafiri kwenda semina tangu Jumatano. Ufunguo mwingine? Hakuna anayejua.

Nilimpigia tabibu simu, akapokea. Namshukuru kwa hilo, na naomba asiulizwe wala asisumbuliwe kwa sababu ya barua hii. Yeye alimwambia daktari wa zamu kwenye simu: lisuuze kwa maji ya dripu, lirudishe tundulini taratibu, mwambie mtoto aume kitambaa, kisha lifungwe kwa waya kwenye meno jirani. Daktari wa zamu ni kijana, amehitimu juzi. Alilitazama lile jino kwenye maziwa muda mrefu. Akasema hajawahi kufanya, na kwamba akilirudisha bila waya wa kulishikilia linaweza kuchomoka mtoto akiwa usingizini akalimeza au likaingia njia ya hewa. Waya uko ndani, na ndani kumefungwa. Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa panado, akatuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito, na hilo silalamikii hata kidogo. Basi la mwisho lilishaondoka. Tulilala nyumbani, kikombe nimekiweka ndani ya mtungi wa maji kipate ubaridi. Saa kumi alfajiri tukapanda gari la kwanza. Tulifika mkoani saa tatu kasoro, tukaonwa saa nne na nusu.

Daktari wa meno wa kule alikuwa mpole. Alilitoa jino kwenye maziwa, akaligeuza kwenye mwanga, akanionyesha mzizi. Akasema kwa umri wa Jafari ncha ya mzizi inakuwa bado haijafunga, na kwamba watoto wa namna hii ndio wenye bahati, kwa sababu jino likirudishwa mapema mishipa yake inaweza hata kuota upya na jino likaishi. Akaniuliza, lilitoka saa ngapi? Nilipomjibu alinyamaza. Ngozi nyembamba inayoushika mzizi kwenye mfupa ilikuwa imeshakufa. Akalirudisha hata hivyo, akalifunga na waya, ili mfupa wa pale usisinyae mapema mtoto akiwa anakua, lakini alinieleza wazi kwamba mwili utaula mzizi ule kidogo kidogo na siku moja jino litatoka tena. Baada ya hapo ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, la kubadilisha kila taya linapokua, mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Saa 17 na zaidi, Daktari. Tulifika kwako kwa dakika 25.

Nimesema Ramadhani ya mwaka jana, sasa nieleze. Mume wangu aliumwa gego la chini. Siku ya kwanza alikunywa panado baada ya kufturu, siku ya pili akaenda duka la dawa akapewa amoksilini, siku ya tatu maumivu yakapoa tukashukuru Mungu. Sikujua wakati ule kwamba kupoa vile hakukuwa kupona. Usaha ukishajifungia chini ya jino, vidonge peke yake havimalizi. Lazima jino litolewe au usaha ufunguliwe njia. Ijumaa usiku shavu likavimba, Jumamosi uvimbe ukashuka chini ya taya na kuwa mgumu kama ubao, kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Mlango ule ule, kufuli lile lile. Alipewa sindano na kuambiwa aje Jumatatu mapema achukue namba, kwani wakifika watu 20 kitabu kinafungwa. Jumapili usiku alianza kukoroma akiwa macho. Tulikodi gari kwa hela ya ada ya mtoto mkubwa, na kule mkoani walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji wakamchana chini ya kidevu usaha utoke. Walituambia uvimbe wa namna ile, ukishakaa chini ya ulimi pande zote mbili, unaziba njia ya hewa na unaua. Unaua mtu mzima mwenye nguvu zake, kwa jino. Kovu analo mpaka leo, ndevu zinalificha.

Nikaandika karatasi yangu, nikaikunja mara nne.

Sijui kwa nini chumba kile hakina zamu. Nimejiuliza sana, na nitakwambia ninachokidhani, unisahihishe nikikosea. Nadhani sababu ya kwanza ni kwamba tabibu ni mmoja, na mtu mmoja hawezi kung'oa meno Jumatatu hadi Ijumaa kisha akeshe. Nadhani ipo hofu ya vifaa kupotea, kwani ni vya gharama na vikipotea atalipishwa yeye. Labda pia posho ya kuitwa usiku haipo kwenye bajeti ya idara hiyo. Na nadhani, hili ndilo linaloniuma zaidi, wapo wanaoona meno si ugonjwa. Mtu akija na mguu uliovunjika usiku anapokelewa. Akija na taya lililovimba anaambiwa Jumatatu, kana kwamba taya si mfupa wa binadamu yule yule.

Lakini si kweli kwamba jambo hili linahitaji mambo makubwa. Shirika la Afya Duniani lilipopanga huduma za msingi za kinywa kwa nchi kama yetu mwaka 2002, kitu cha kwanza lilichoweka ni matibabu ya dharura: kuondoa maumivu, kung'oa, kushughulikia uvimbe na majeraha ya meno, na kumpeleka mbele mgonjwa aliyezidi uwezo. Vifaa vyake vinaenea kwenye sanduku moja. Na sisi Watanzania tusingepaswa kuhubiriwa hayo na mtu, kwa sababu ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme wala mashine, inayotumika leo nchi nyingi, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, watu wakiwatibu wanavijiji waliolazwa juu ya meza. Bunge letu limepitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nitachangia, na nitawahimiza wazazi wa shule nzima wachangie. Wataniuliza kadi ile inafungua mlango gani siku ya Ijumaa jioni, na ninataka kuwa na la kuwajibu.

Nilianza kuandika barua hii nikiwa na maombi sita. Daktari wa meno wa pili. Zamu ya usiku. Gari la pili la wagonjwa. Namba 40 badala ya 20. Ubao wenye namba ya simu ya anayeitwa. Matabibu wote wa zamu wafundishwe kurudisha jino lililong'oka na kufungua usaha, angalau kwa siku mbili, na tabibu wetu mwenyewe anaweza kuwafundisha maana nimemwona anavyofundisha. Yote hayo bado nayataka. Najua kila moja litaitiwa kikao, na kikao kitasubiri mwaka wa fedha.

Kwa hiyo naomba moja ambalo halisubiri kikao. Ufunguo. Ufunguo wa pili wa chumba cha meno uchongwe, utundikwe chumba cha zamu pale ukutani zilipo funguo za stoo ya dawa na za maabara, na liwepo daftari la kusaini anayeuchukua na anayeurudisha. Fundi wa funguo yupo stendi, anachonga ukisubiri. Kama ni gharama, nitalipa mimi. Siandiki hivi kukudhalilisha, nasema kweli, nitalipa.

Kuna watoto 612 katika shule yetu na wote waliona lile jino likiokotwa. Jumatatu asubuhi mtoto yule wa darasa la kwanza aliyeliona chini ya mkorosho alinifuata ofisini akaniuliza kama limeshapona. Nilimwambia daktari amelirudisha mahali pake. Hayo yalikuwa ya kweli, na sikuweza kuendelea.

Daktari, nitakuja ofisini kwako Alhamisi hii saa mbili asubuhi, kabla ya vipindi vyangu. Sitakuja na wazazi wala na mabango. Nitakuja na daftari langu la Machi 20 na kikombe kile cha plastiki, na nitakuuliza swali moja tu: usiku wa leo ufunguo utakuwa wapi, na ni nani atakayekuwa nao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Jafari, mwalimu wa darasa la pili