Krimu yangu sitakutumia

Magomeni, Dar es Salaam

Mpendwa shoga yangu Mwanaidi,

Waraka wako umenifikia salama, nami nakushukuru kwa kunieleza huo ukavu wa ukeni uliokupata tangu hedhi ikome, mambo ambayo wanawake wa rika letu tumezoea kuyameza kimya kimya.

Kwanza uondoe shaka kwamba umefanyiwa jambo, au kwamba mapenzi yako kwa mumeo yamekwisha. Hedhi inapokoma, homoni ya istrojeni hupungua sana mwilini, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, yenye kunyumbuka na yenye ute. Ikipungua, ngozi hiyo hukonda, hukauka na kuchubuka upesi, na bakteria wazuri wanaoilinda hupungua nao, ndiyo maana hata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inakurudia kila mara. Yale majoto ya usiku kwa wengi hupoa kadiri miaka inavyokwenda, lakini ukavu huu kwa kawaida hauondoki wenyewe.

Sasa hilo la kujiweka shabu, lile jiwe jeupe la kukaza uke, shoga yangu, liache leo hii. Najua wakubwa wetu waliisifu, lakini kazi yake ni kukausha na kukaza. Aliyekwisha kukauka akaushwe tena kwa faida ya nani? Acha pia sabuni za manukato, kujifukiza udi, na kujiosha kwa ndani. Maji matupu kwa nje yanatosha.

Kwa tendo la ndoa, nunua duka la dawa kilainishi cha maji kisicho na harufu na kisicholeta joto, mkitumie kwa wingi bila haraka. Ipo pia krimu ya unyevu isiyo na homoni, ambayo hupakwa ndani mara mbili au tatu kwa wiki, liwepo tendo au lisiwepo.

Krimu yangu uliyoniomba ni ya istrojeni, nami niliandikiwa na daktari baada ya kupimwa. Huvutwa kwa kibomba chembamba cha plastiki hadi kwenye alama, kisha huingizwa wakati wa kulala. Mwanzoni kila usiku kwa majuma mawili, baadaye mara mbili kwa wiki, na nafuu huja taratibu, baada ya wiki kadhaa. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, lakini wewe ulitibiwa saratani ya titi, na zipo saratani za titi zinazolishwa na homoni hiyo hiyo. Uamuzi huo ni wa daktari wako wa saratani, si wangu wala wa muuza dawa.

Tena umeitaja kama kwa kupita tu ile damu kidogo. Huenda ni mchubuko, lakini damu yoyote baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe, mlango wa kizazi na mfuko wenyewe. Panda basi wiki ijayo, ufikie kwangu. Njoo na cheti chako cha hospitali ya saratani ya Ocean Road na dawa zote unazomeza, nami nitakusindikiza.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura