Usimsaidie kuandaa harusi

Mwanangu mpendwa,

Juzi tulipozungumza kwa simu nilikuuliza maandalizi ya harusi yako yamefika wapi, ukanijibu, "Baba, namsaidia mchumba wangu kadiri ninavyoweza." Nikaitikia, tukaagana. Lakini hilo neno "namsaidia" limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia.

Anayesaidia ni mpita njia aliyekukuta unalima, akashika jembe kidogo, akapiga matuta mawili, akafuta jasho na kwenda zake. Shamba si lake. Jirani atakusaidia, na rafiki zako pia. Wewe ni bwana harusi, utamsaidiaje mtu kuandaa harusi yako mwenyewe?

Sikulaumu, maana najua ulikolitoa. Umelirithi kwangu. Nilipokuwa namwoa mama yako, kila jioni nilikuwa namuuliza, "Kuna chochote cha kufanya?" Nikijibiwa hakuna, nalala usingizi wa mtu mwema. Ilipita miaka mingi kabla hajaniambia kwamba swali lile lilimchosha kuliko kazi zenyewe. Kwa sababu ili anijibu, ilimbidi yeye akumbuke kila kitu, achague kimoja, anieleze namna ya kukifanya, kisha anifuatilie kama nimekifanya. Mimi nilikuwa natoa miguu tu. Kichwa kilikuwa chake.

Alikuwa na daftari. Bado lipo kabatini, siku moja nililifungua nikawa natafuta jina langu. Nililikuta mara mbili. Ukurasa wa kwanza: "Kumkumbusha suti." Kurasa kadhaa mbele: "Kumkumbusha suti TENA." Ndiyo historia yangu yote katika harusi ile.

Na suti yenyewe, kwa kuwa nilikwenda kwa fundi siku zimeshayoyoma, niliijaribu mara moja tu. Mabega yalibana. Umeziona zile picha ukacheka ukidhani baba yako alikuwa na haya. Sikuwa na haya, mwanangu, nilikuwa siwezi kuinua mikono. Nimesimama kama mtu aliyebana mayai kwapani.

Sasa, usiku wa leo au kesho kaeni wawili na karatasi moja. Andikeni kila kitu, hata kile kinachoonekana cha kipuuzi. Kisha chukua kazi zako nzima nzima, siyo vipande. Ukisema ukumbi ni wako, basi wewe ndiye wa kuukumbuka, kuuliza, kwenda kuukagua, kurudi na machaguo mawili mkaamua pamoja, kulipa kianzio, kudai risiti na kuhakikisha tena wiki ya mwisho. Asije akakuuliza hata mara moja "vipi ukumbi?" Siku atakayouliza, jua kazi imeshamrudia kichwani.

Na unapokwenda kwa watu wa ukumbi, wapiga picha au wapambaji, usiridhike na maneno matamu. Taka maandishi: tarehe, saa ya kuanza na saa ya kutoka, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, nini kitatokea umeme ukikatika, na kianzio kinarudishwa au hakirudi mkiahirisha. Muulize mpiga picha atakuja yeye mwenyewe au atamtuma kijana wake, na picha mtazipata baada ya muda gani. Mtu mkweli hachukii maswali haya. Anayechukia, muage kwa adabu.

Kwenye fedha nitakaa kidogo, nivumilie.

Kabla hamjachagua hata rangi ya kitambaa, mwambie mchumba wako ukweli wa mfuko wako. Una kiasi gani, una deni gani, unamlipia nani ada. Mwanaume anayeficha deni hadi baada ya harusi amemuoza mwenzake kwa mdai asiyemjua. Baada ya hapo anzeni na idadi ya wageni, maana karibu kila gharama ya harusi ni kichwa kimoja kuzidisha mara vichwa vyote: kiti, sahani, kinywaji, kadi, ukubwa wa ukumbi. Watu wakiona bajeti imezidi hukimbilia kupunguza maua. Maua hayaponzi mtu. Punguza orodha. Ukiondoa wageni hamsini umeondoa meza tano za watu kumi kumi, pamoja na kila kinachowekwa juu yake.

Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti kwa lile ambalo hamkulifikiria, kwa sababu litakuja. Fedha ya ahadi usiihesabu mpaka iwe mkononi. Wapo watakaoahidi kwa moyo mweupe kabisa na bado wasiwe nayo siku hiyo ikifika. Na mkopo wa sherehe, nakuomba, uupite mbali. Sherehe ni ya siku moja, rejesho ni la kila mwezi, na litakuwa linakaa mezani kati yenu wakati ambao mngepaswa kuwa mnajifunza kuishi pamoja.

Siku yenyewe usiwe unatoa hela mfukoni huku umevaa ua kifuani. Malipo yaliyobaki yaandaliwe mapema, kila mtu na bahasha yake yenye jina na kiasi, na bahasha zote awe nazo mpambe wako. Hapo kwenye mpambe, usimchague anayechekesha kuliko wote. Mchague anayepokea simu mlio wa kwanza na anayefika kabla ya muda. Yeye ndiye atakayetunza pete na kupigiwa na kila anayepotea njia. Simu yako mpe yeye tangu asubuhi.

Lililo zito zaidi ni letu sisi, yaani ndugu zako.

Shangazi yako ameshanipigia mara mbili kuhusu rangi ya nguo. Wako wengine watakaotaka kuja na watoto wote, wengine watauliza kwa nini fulani amepewa kadi na wao hawajapewa. Wote hao ni mzigo wako. Mchumba wako asimame mbele ya ndugu zake, wewe simama mbele ya ndugu zako. Ikibidi kusema hapana, sema wewe, kwa sauti yako: "Tumeamua hivi." Usithubutu kusema "mimi sina shida, ila mwenzangu hataki." Maneno hayo ni mepesi sana mdomoni, yanakutoa kwenye lawama papo hapo, lakini umemjengea mkeo maadui ndani ya ukoo ambao hata hajaingia. Atakuja kukaribishwa kwa tabasamu la nusu, na hatajua kosa lake. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu katika nyumba za watu, na dawa yake ilichukua miaka.

Hata mimi na mama yako tukizidisha, tuambie. Tutanuna siku mbili. Tutapoa.

Na familia yao ina taratibu zake kama sisi tulivyo na zetu. Ziulize mapema kwa mtu anayezijua, uziandike, usisubiri kuambiwa umekosea mbele ya watu.

Kuna safari moja ya kwenda pamoja kabla ya kadi kuchapishwa: hospitali. Siyo mtego wa kumnasa mtu, na usimtume aende peke yake wewe ukabaki unasubiri majibu. Pimeni wote wawili VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Pimeni homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huambukizwa kwa kujamiiana. Ina chanjo, na kwa kawaida watu wazima huchomwa dozi tatu katika kipindi cha miezi sita, kwa hiyo ukiianza wiki ya harusi umechelewa. Pimeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu anaweza kubeba vinasaba vyake maisha yote bila kuumwa chochote, na wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumpata mtoto mgonjwa. Kila mimba, siyo kwamba mkishampata mmoja watatu wanaofuata wamesalimika, kama nilivyowahi kumsikia mzee mmoja akieleza kwa uhakika mkubwa. Mjue na makundi yenu ya damu. Mama akiwa na Rh hasi (ile alama ya kutoa inayofuata herufi ya kundi la damu) na baba chanya, madaktari wanahitaji kulijua mapema katika ujauzito, maana ipo sindano ya kumkinga mtoto. Majibu yakiwa magumu, yapokeeni mkiwa wawili na mshauri, siyo mkiwa na kundi la marafiki.

Vyeti nisikuchoshe. Nenda mwenyewe kwenye ofisi inayosajili ndoa ukaulize wanataka nini na taarifa itolewe siku ngapi kabla. Usitegemee masimulizi ya aliyeoa zamani. Angalia majina yenu yameandikwa sawasawa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi.

Pete. Kidole hunywea kwenye baridi na kuvimba kwenye joto, kwa hiyo pimeni jioni, mwili ukiwa umetulia, na mrudie siku nyingine. Pete ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo na isidondoke mkono ukining'inia. Mwulize sonara kama inaweza kupanuliwa baadaye; dhahabu hupanuliwa, tungsteni, ile metali ngumu sana, haipanuliki. Dhahabu ya karati 24 ni tupu lakini laini, inakwaruzika. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na kwa kawaida utaikuta imegongwa 750 kwa ndani. Hii ya kwangu ni nyembamba kuliko zote dukani siku ile, na haijawahi kutoka.

Suti nina haki ya kuisemea. Nenda kwa fundi ukiwa bado na miezi miwili au mitatu, upange kuijaribu mara tatu, na kila mara uvae viatu na shati utakavyovaa siku hiyo. Angalia mabega kwanza. Kiuno hupunguzwa, suruali hufupishwa, ila mabega yakikosewa koti limeharibika. Ukiwa ndani yake kaa chini, inua mikono, mkumbatie fundi kama hatakasirika. Mikono ya shati ichungulie kama sentimita moja nje ya koti. Kifungo cha chini kabisa cha koti hakifungwi. Kata zile nyuzi zilizoshona mpasuo wa nyuma, na kile kibandiko cha nembo kwenye mkono wa koti kitoe. Usicheke, kila harusi ninayokwenda nakiona. Viatu vivae nyumbani wiki mbili kabla, ama sivyo utakuwa bwana harusi anayechechemea. Nywele kata siku mbili tatu kabla kwa kinyozi wako yuleyule. Siku hiyo si ya kujaribu mtindo.

Mtagombana. Pengine kwa ajili ya utepe wa viti. Mkifika hapo muulize amelala saa ngapi, ameongea na mama yake leo, ana nini. Utepe utajibiwa kesho. Sisi hatukulijua hili, tukanyamaziana siku nne juu ya kadi zilizochapishwa kwa karatasi nyembamba, na leo hakuna kati yetu anayeweza kusema zilikuwa na rangi gani. Wekeni jioni moja kila wiki ambayo neno harusi halitajwi.

Nilitaka kukuuliza pia, nyumba mmeiandaa? Maana nimewaona vijana waliojua jina la kila wimbo utakaopigwa ukumbini lakini hawajui watalala wapi wiki inayofuata, kodi atalipa nani, nani ataamka kuchemsha maji, na mshahara utakaa akaunti gani. Zungumzeni hayo sasa, mkiwa hamjachoka. Na asubuhi ya baada ya sherehe kutakuwa na vitu vya kuazima vya kurudishwa, watu wa kushukuriwa mmoja mmoja, cheti cha kufuatiliwa. Usimwachie yeye ukidhani harusi imekwisha. Hicho nacho ni kipande cha orodha, kiandike kabisa na jina lako mbele yake.

Hotuba yako iwe fupi. Washukuru wazazi wake kwanza, sisi baadaye. Mzaha wowote unaohitaji kumwangalia yeye kama amekasirika, uache.

Mama yako amepita nyuma yangu, akasoma kwa juu ya bega mpaka hapo kwenye suti, akacheka hadi akakaa. Anakusalimu sana, na anasema mkamwana wetu asisahau kupumzika. Nilimwomba anipe lile daftari nikutumie, ulipitie ujionee. Amekataa. Anasema ununue lako.

Baba yako