Ziwa Natron haligeuzi ndege kuwa mawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu habari mliyoichapa juu ya Ziwa Natron, ile yenye picha ya ndege mkavu juu ya tawi na maelezo kwamba ziwa hili "hugeuza kila kiumbe kuwa jiwe". Mimi naishi Engare Sero, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, na kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye ukingo wa ziwa hilo. Watoto wa kijijini wanachunga mbuzi karibu nalo kila siku na jioni wanarudi nyumbani wazima.

Picha za aina hiyo zilienea mwaka 2013, na mpigapicha wake ni Nick Brandt. Ndege wale aliwaokota ufukweni wakiwa wamekwisha kufa na kukauka, akawasimamisha yeye mwenyewe juu ya matawi na mawe. Alilieleza hilo wazi, lakini picha ziliposambazwa maelezo yaliachwa nyuma. Hata kukauka kule hakuna muujiza. Magadi hufyonza maji ya mwilini na kuzuia uozo, ndiyo maana Wamisri wa kale waliyatumia kukausha maiti za wafalme wao. Ndege akifia kando ya Natron, mzoga wake hudumu. Mzoga huo hausemi lolote kuhusu kilichomuua.

Magadi yenyewe yanatoka kwenye volkano. Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya magadi, lava nyepesi inayotiririka kama maji ya tope, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Ikitoka huwa nyeusi, na baada ya muda mfupi hewani na kwenye unyevu hugeuka nyeupe. Majivu ya mlimani, miamba ya bondeni na chemchemi za moto zinazobubujika ukingoni vyote huchangia chumvi ziwani. Maji mengi huletwa na mto Ewaso Ng'iro kutoka nyanda za juu za Kenya, lakini hakuna mto hata mmoja unaoyatoa. Kinachoyaondoa ni jua peke yake, na chumvi inabaki. Kwa hiyo Natron ni kubwa, kama kilomita 57 kwa urefu, lakini halizidi mita 3 kwa kina. Kiangazi kikikolea, sehemu kubwa huwa gamba la magadi jeupe lenye mabaka mekundu. Wekundu huo ni viumbe visivyoonekana kwa macho, vinavyostawi kadiri chumvi inavyozidi.

Na sasa heroe (flamingo), ambao habari yenu haikuwataja kabisa. Wataalamu wanakadiria kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron. Utawaona Manyara, Nakuru na Bogoria kwa maelfu wakilisha, lakini katika Afrika Mashariki yote hapa ndipo mahali pekee wanapotaga kwa kutegemewa. Sababu ni huu ukali tunaouogopa. Ndege hujenga vichuguu vya tope katikati ya ziwa, juu ya magamba ya magadi, na kila jozi hutaga yai moja. Fisi na mbweha hawafiki kule, kwa kuwa gamba huvunjika na tope la chini yake huunguza. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuwafikia kwa miguu. Nusura afe, na miguu yake iliungua kiasi cha kulazwa hospitali. Heroe anasimama kwenye maji hayohayo kwa sababu miguu yake ina ngozi ngumu yenye magamba, na kichwa chake kina tezi za kutoa chumvi.

Yai huatamiwa na wazazi wote wawili kwa siku 28 hivi. Kifaranga huzaliwa wa kijivu, mdomo umenyooka, na baada ya siku chache huungana na wenzake katika makundi makubwa yanayolindwa na heroe wakubwa wachache. Baadaye makundi hayo hutembea kilomita nyingi juu ya magadi kutafuta maji baridi ya chemchemi. Wengine hufia njiani, hasa magadi yanapoganda kwenye vifundo vya miguu yao. Nimewaona kwa darubini wakipita, mstari mrefu wa kijivu kwenye mwanga mkali, na sijui safari nyingine katika nchi hii inayonigusa kama ile.

Kwenye chemchemi za moto kuna pia perege wadogo wa jamii ambayo kwa asili haipatikani popote ila mabonde ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi la Kenya. Hao nao wameandikiwa ziwa la mauti?

Natilia mkazo jina hilo la ziwa la mauti kwa sababu lina madhara. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapa Natron, ukapingwa, ukaachwa. Ziwa linaloitwa kaburi ni rahisi kuligawa, maana nani atatetea kaburi? Na uzazi wa heroe unaning'inia kwenye kina cha maji. Yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, fisi hupata njia. Kuna miaka hawatagi kabisa. Kila bwawa au mfereji mkubwa kwenye Ewaso Ng'iro, upande wa Kenya, ni habari ya Natron, na natamani waandishi wenu waifuatilie hiyo kwa bidii ileile waliyoitumia kwa ndege wa mawe. Eneo hili limo katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001, kwa hiyo maswali ya kuwauliza wahusika yapo.

Ombi langu la pili ni kwa wasomaji wanaopanga kuja. Njooni, tembeeni ukingoni na mwongozaji, alfajiri kabla joto halijapanda. Msikanyage gamba, na msirushe droni kuelekea viota. Heroe wakishtuliwa wakati wa kuatamia wanaweza kuyaacha mayai yote kwa pamoja na kuondoka, na kuna miaka hawapati nafasi ya kuanza upya.

Mwongoza wageni,
Engare Sero, Ngorongoro