Mlo wa kawaida nao uandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linalonisikitisha kila nisomapo hadithi za siku hizi. Mhusika akialika watu kwa chakula cha jioni, mara nyingi huwa ama ni tajiri anayejionyesha, ama ni adui aliyetia sumu kwenye glasi. Ni nadra kumkuta mtu wa kawaida aliyepika sufuria moja, akaazima viti viwili kwa jirani na kuwaita marafiki. Naamini upungufu huo unatugusa hata sisi wasomaji, kwa maana wengi tumeacha kualika kwa kuonea haya sahani zisizofanana.

Mwandishi Mwingereza Charles Dickens hakuzionea haya. Katika hadithi yake A Christmas Carol ya mwaka 1843, familia ya Cratchit inakula bata bukini mmoja, ambaye imebidi aongezewe viazi vya kupondwa ili awatoshe wote. Vyombo vyao vyote vya kunywea vya kioo ni bilauri mbili na kikombe kisicho na kishikio. Pudingi yao ni ndogo kwa watu wengi kiasi kile, lakini hakuna anayelisema hilo wala kulifikiria. Kila ninaporudia sehemu hiyo, jicho langu hukitafuta kwanza kile kikombe.

Mwingereza mwenzake Virginia Woolf naye, katika riwaya yake To the Lighthouse ya mwaka 1927, anatuonyesha kitoweo kilichomchukua mpishi siku tatu; hata hivyo wageni wanaanza jioni kila mmoja akiwa na lake, na kinachowakusanya ni mishumaa, ambayo huwashwa kabla kitoweo hakijafika mezani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikipika vyakula vya aina nne, nikaambulia kusikia mazungumzo ya wageni wangu vipande vipande, kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema, lakini mwenyeji aliyejifungia jikoni ataponaje? Siku hizi napika chakula kimoja kinachovumilia kukaa motoni, ili anayechelewa asiharibu kitu, na anayewahi nampa kisu akate vitunguu, kwani mgeni mwenye kazi mkononi huanza kuzungumza bila kuchokozwa. Siwaiti zaidi ya wanane, maana wakizidi hapo meza hugawanyika na kila upande ukawa na mazungumzo yake.

Ninachowaomba waandishi wanaoleta hadithi zao katika gazeti lako ni kutuandikia jioni ya namna hiyo, bila sumu na bila fahari. Watuonyeshe nani amekaa kwenye kiti kibovu na kwa nini alikichagua yeye, nani amekatazwa kuosha vyombo na bado anaviosha, na maneno gani husemwa pale sahani zinapokuwa zimekwisha kuondolewa lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi