Barua ya kufunga shule: muhula tulioumaliza bila Bibi

Wazazi na walezi wangu,

Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari zenu. Shule tunafunga ijumaa, ripoti watoto wataondoka nazo mkononi kwaiyo mtu asije akaniambia mwanangu hakupewa. Mambo ya matokeo yako humo humo, hapa naomba niongee kuhusu Bibi kwanza maana kusema ukweli tangu tumzike mimi muhula huu sijauelewa.

Wengi mnamjua kama Bibi wa uji. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua, alikuwa anasema tu uhuru unakuja 1961 yeye ana watoto wawili na wa pili yuko mgongoni, haya pigeni hesabu wenyewe. Kusoma alijifunzia ukubwani, kile kisomo cha watu wazima alichokihimiza Mwalimu Nyerere 1970, jioni akishaanua dagaa wake, ubao umeegemezwa kwenye mwembe. Siku alipoweza kuandika jina lake aliliandika kwa mkaa ukutani na mumewe akagomba sana, ukuta ndo kwanza umepakwa chokaa. Likakaa hapo mpaka nyumba inabomolewa. Alafu ikaja ile ya kila mtoto asome, 1977, watoto wamejaa madarasa hakuna, yeye na kina mama wenzake ndo waliosomba maji ya kufyatulia matofali ya yale madarasa mawili ya upande wa ziwani. Yale mnayosemaga yamechakaa, nyie acheni tu.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa jikoni. Sisi watu wa Ujiji tunajua, mwezi ukiwa giza vipe, yale maboti ya kuvulia dagaa, vinaingia ziwani usiku na taa zake, asubuhi dagaa wanashuka, na watoto hawaonekani darasani, wako mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanaokota na kuanika wapate chochote. Mbalamwezi ikirudi wavuvi wanalala na darasa linajaa. Yaani rejista yangu ukiisoma unajua mwezi uko wapi bila kutoka nje. Basi Bibi akishaswali alfajiri anashuka mwaloni na kijiti chake, hampigi mtu, anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa anaita majina. Jina lako likiitwa na Bibi mbele ya baba yako na wavuvi wote utafanyaje, unanawa miguu unapanda shule. Saa mbili kasoro unamuona anakuja nao kama kuku na vifaranga.

Serikali ilivyofunga ziwa 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, akaniambia mwalimu mwaka huu nimepewa likizo. Kesho yake kaja vile vile, kakaa jikoni anachambua maharage ambayo hata hayakuwa ya shule.

Hela hakuwahi kupewa. Tulimpa kitenge mara moja kwenye mahafali ya darasa la saba, wiki haijaisha nikakiona kimebebea mtoto wa jirani yake. Kuna mzazi aliwahi kumtukana pale mwaloni eti anamnyima mwanae riziki, simtaji, kwenye maziko ndo alilia kuliko wote na mimi nikamshika mkono.

Sasa shida yangu. Giza lililopita Bibi hayupo, darasa la nne peke yake nilikosa watoto kumi na moja siku moja. Walimu tukashuka wenyewe, wakatukimbia, kwasababu sisi wanatuogopa ila Bibi walikuwa wanamuonea aibu, ni vitu viwili tofauti kabisa. Naomba wazee watatu wanne, baba au mama, wa kukaa pale kwa zamu, siyo kila siku, siku za giza tu.

Mchango wa uji ni ule ule debe moja la mahindi kwa familia kama kikao kilivyokubaliana. Asiye na debe alete kuni, Bibi ndo alikuwa anaruhusu hivyo na mimi sibadilishi.

Mwiko wake binti yake kaurudisha, uko ofisini kwangu juu ya kabati. Atakayeshika zamu ya kwanza Januari apitie auchukue, ni mrefu kidogo, Bibi alikuwa mtu wa kimo.

Wenu,
Mwalimu Mkuu