Kopo nunua, lakini titi lisisahaulike

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza kitu kimoja tu, ununue kopo gani la maziwa. Jibu langu ni refu kuliko swali, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesema "sawa mama" ukakata.

Tuanze na kopo, ili utulie. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, na leo ana wiki mbili mizani ya kliniki inasoma 3.0. Wachanga karibu wote hupungua siku za mwanzo, lakini wiki ya pili ikiisha wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Wa kwenu hajarudi, na nesi kasema aongezewe. Nesi yuko sahihi, usimsikilize anayekuambia eti ni kumdekeza. Mtoto mwenye njaa hulala kupita kiasi, akinyonya ananyonya kwa ulegevu, na titi linalonyonywa kwa ulegevu nalo linapunguza kazi. Ukimwongezea unampa nguvu ya kurudi kunyonya vizuri. Chukua ya namba 1, ile ya tangu kuzaliwa. Usihangaike na ya bei ya juu zaidi. Maziwa ya unga ya kuwekea chai hayamhusu, wala ya ng'ombe wa jirani, hata mtu akikuapia kwamba yakichanganywa na maji yanakuwa sawa. Figo za mchanga hazimudu chumvi na protini ya maziwa ya ng'ombe, na ukiyazimua kwa maji unamnyima chakula.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Miaka yote niliyofanya kazi wodi ya wazazi, niliona kopo likiingia kwenye nyumba kwa siku tatu likakaa miezi. Maziwa yenyewe hayana kosa. Kinachotokea ni kwamba mtoto akishiba kikombe analala kwa saa nne, mama naye anapumzika kwa mara ya kwanza, kila mtu anashukuru Mungu, na titi linakaa limejaa. Titi lililojaa linaambiwa na mwili liache kutengeneza. Kesho linatoa kidogo zaidi, kikombe kinaongezwa, na mwisho wa mwezi shangazi zako watasema mwanamke huyu hana maziwa. Alikuwa nayo. Kwa hiyo sheria ya nyumba yenu iwe hii: kila mtoto anapopata kikombe, matiti nayo yanyonywe au yakamuliwe. Usiku na mchana. Usiku hasa, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama mkwe wako akijitolea kulala na mtoto na kopo ili binti yake alale hadi asubuhi, mshukuru sana, kisha umpe kazi nyingine.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Mtoto ananyonya kwanza, titi moja kisha la pili, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akisinzia mvueni nguo, mbadilisheni nepi, mkeo abonyeze titi taratibu maziwa yashuke, aendelee. Halafu wewe unampokea na kumpa nyongeza, huku mkeo anakamua dakika kumi au kumi na tano. Alichokamua sasa ndicho cha kikombe kijacho, na kopo linajazia pale panapopungua tu. Yote yaishe ndani ya saa moja, vinginevyo hatalala kabisa, na mzazi asiyelala maziwa yake hayashuki. Utaratibu huu ni mzito. Ni wa siku chache, si wa kuishi nao.

Kiasi ni alichoandika nesi. Nakupa hesabu moja tu ili usizidishe kwa hofu: mchanga asiyenyonya kabisa, wa umri huu, huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani wa kwenu ni 450 hivi kwa siku nzima. Wa kwenu ananyonya, kwa hiyo nyongeza ni sehemu tu ya hizo. Ukimjaza hadi alale fofofo, hatataka titi saa ifuatayo.

Tumia kikombe kidogo, chuchu ya chupa iache dukani. Kikombe kinasafishika kote, na mtoto hachanganyi namna ya kunyonya. Mkalishe karibu wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni tu. Atatoa ulimi alambe mwenyewe. Usimmiminie! Wanaume wana haraka, wanammiminia, mtoto anapaliwa, halafu wanasema kikombe hakifai. Njia nyingine nzuri zaidi, ila uonyeshwe kwanza na nesi, ni mpira mwembamba wa kulishia. Ncha moja inakaa kwenye chuchu ya mama, nyingine iko ndani ya kikombe cha nyongeza, basi mtoto anavuta vyote viwili kwa pamoja. Titi linanyonywa na tumbo linashiba. Ukiinua kikombe yanakuja haraka, ukikishusha yanapungua kasi. Mpira uoshwe kila mara kwa kupitisha maji ya moto yenye sabuni, kisha usuuzwe.

Na maji. Hili ni la kwenu ninyi wa Maji ya Chai, huko Arusha, zaidi kuliko sisi wa huku. Unajua meno ya watu wa upande wa Meru yalivyo, kahawia tangu utotoni. Ni madini ya floraidi kwenye maji, na kuchemsha hakuyaondoi, tena maji yakipungua kwa mvuke madini yanabaki yamekolea. Hapo Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi miaka mingi ya kuyachuja kwa mifupa iliyochomwa, kwa hiyo si maneno ya kijiweni. Maziwa ya mama karibu hayana floraidi, hata mama akinywa maji hayo hayo. Lakini kopo unalichanganya na maji, na mtoto anameza yote. Nunua maji ya chupa, soma karatasi yake, floraidi iwe chini ya miligramu 1.5 kwa lita, ikiwa chini sana ni bora zaidi. Na hayo ya chupa nayo uyachemshe.

Unga wa kopo nao unaweza kuwa na vijidudu, havikuuliwa vyote kiwandani. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawe bado ya moto yanapokutana na unga, si chini ya nyuzi 70. Chemsha, yaache yasizidi nusu saa, pima maji kwanza, weka unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo kilichosawazishwa, koroga, kisha poza kwa kuzamisha kikombe kwenye maji baridi. Onja joto kwenye kifundo cha mkono. Yakibaki, baada ya saa mbili mwaga. Najua inauma ukikumbuka bei, mwaga tu. Na usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maziwa aliyokamua mkeo hayana usumbufu huo, yanakaa saa nne mezani penye kivuli, na kwenye friji siku nne.

Sasa kazi yako ambayo hakuna atakayekuambia. Kabla hajakamua, akae kwenye kiti, ainame mbele, aegemeze mikono na kichwa mezani, matiti yaning'inie. Wewe simama nyuma, kunja ngumi, usugue kwa vifundo vya vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka shingoni hadi chini ya mabega, dakika mbili tatu. Maziwa yatashuka. Usicheke, nimewafundisha wanaume wengi kuliko unavyodhani. Halafu akamue kwa mkono: kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi wa chuchu, asukume kuelekea kifuani, abonyeze, aachie, azungushe mkono. Asivute ngozi. Mwanzo yatatoka matone, na hapo ndipo wengi hulia. Kinachokamuliwa si kipimo cha kilichomo, mtoto anayenyonya vizuri anatoa zaidi ya mkono. Wewe usisimame hapo unatazama kikombe.

Kesho nesi amwangalie akinyonya, tangu kuweka hadi kuachia. Mdomo wazi sana, kidevu kimegusa titi, mkeo haumii. Aangalie na ulimi kama haujafungwa na utando. Kama kuna kasoro pale, haya mengine yote tunatwanga maji kwenye kinu. Na mkeo aseme kama alitokwa na damu nyingi au bado inatoka, au kama kuna vidonge vya uzazi wa mpango alivyopewa, maana vyenye estrojeni hupunguza maziwa. Vile vidonge vya kuongeza maziwa ambavyo watu hununua kienyeji, hapana, vingine vinagusa moyo. Daktari akiandika, sawa.

Mtori ni chakula cha mzazi, nami ndio nimekua nao, lakini unampa nguvu yeye, hauendi moja kwa moja kwenye titi. Ulezi vilevile. Uwatu akipenda anywe kidogo, sitabishana. Mbege hapana, hata bibi yako akifufuka aseme ndiyo inayoleta maziwa: pombe inazuia maziwa kushuka. Jirani akijitolea kumnyonyesha mjukuu wangu, kwa upendo wote, mkatalieni, kuna maradhi yanayopita humo. Na maji ya glukosi, asali, uji mwepesi, visimkaribie hadi wakati wake.

Mkeo ana siku 84 za likizo kisheria, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwambie sasa asianze kuhesabu.

Hesabu wewe: nepi zilizolowa sita au zaidi kwa siku, choo cha njano, na mizani kupanda gramu 20 hadi 30 kila siku. Vikipanda, nyongeza inapunguzwa kidogo kidogo kwa kuangalia mizani, haikatwi ghafla. Akishindwa kuamka kunyonya, mkojo ukikauka, utosi ukibonyea, akiwa na homa au macho ya njano, usiniandikie mimi. Mpeleke hospitali ya Mount Meru, hata usiku.

Ndizi mshare na nyama nimeziagizia kwa kosta ya kesho asubuhi, uzipokee barabarani. Mtori upike wewe. Siku ya kupima uzito nitumie namba iliyoandikwa kwenye kadi, usiniandikie "anaendelea vizuri".

Mama yako