Barua kwa mwanangu, msemaji mkuu wa Nzuguni

Nzuguni, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kwetu Tanga, barua za bibi yako zilianza kwa salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi nimeshakaa bara vya kutosha, kwa hiyo pokea salamu nyingi kama vumbi la Dodoma la mwezi wa nane. Nimelifuta mezani asubuhi na sasa hivi nikipitisha kidole hapa linaacha mstari. Sisi ni wazima. Baba yako yuko nje anajaza tanki, maji yametoka leo. Wewe umelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Utakapojua kusoma utakuwa umeshasahau ulivyokuwa unaongea ukiwa na miaka miwili na nusu. Pengine utakuwa mtu wa kimya kama baba yako, uruke kimanga kwamba si wewe. Nataka maandishi yawepo.

Kwanza tulivyofika hapa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, mimi sijazaliwa, na kwa miaka mingi watu wa Dar es Salaam waliuzungumza huku wakicheka. Mwaka 2016 kicheko kiliisha. Serikali ikatangaza kwamba sasa inahama kweli, wizara zikafunga makabrasha, na sisi wafanyakazi wa chini tukafuata mafaili yetu. Mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Ofisi zikajengwa Mtumba, viwanja vikapimwa, Nzuguni ikajaa nyumba mpya, na kila nyumba ukuta wake na geti lake.

Hayo mageti ndiyo kisa chenyewe. Mtaa mzima ni watu wa kuja: Mbeya, Bukoba, Mtwara, Songea. Alfajiri kila mmoja anakimbilia gari la kazini, jioni anaingia ndani na kufunga komeo, Ijumaa nusu ya mtaa inaondoka kwenda Dar kwa familia. Mimi na baba yako tulikaa hapa miaka tukiwatambua majirani kwa magari yao. Jirani wa kushoto tulipeana naye mkono kwa mara ya kwanza msibani, tena msiba wenyewe ulikuwa wa mtu wa mtaa wa pili. Hatukugombana na mtu. Hatukuwa na mtu wa kugombana naye.

Na wewe mwenyewe ulianza kimya. Ulipofika miezi 18, siku tuliyokupeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubella, ulikuwa na maneno ya kuokoteza tu: mama, maji, "pi" ya pikipiki, na "wawa" ambayo hatujajua maana yake mpaka leo. Watu hawakukosa dawa. Mmoja alisema una udata, nikupeleke kwa mzee fulani akukate chini ya ulimi kwa wembe. Mwingine akasema hapana, hicho ni kimeo, kikatwe. Nilikataa, na ukija kupewa ushauri wa namna hiyo kwa mwanao, ukatae. Wembe wa uani unaleta damu na vidonda, hauleti maneno. Muuguzi pale kliniki alikuchungulia ulimi, akapiga makofi nyuma ya kisogo chako aone kama utageuka, ukageuka. Akaniuliza ukiambiwa "lete kiatu" unaleta? Unaleta, tena vya nyumba nzima. Akasema mtoto anayesikia na kuelewa apewe muda. Ukitimiza miaka miwili nitarajie kusikia unaunganisha maneno mawili, na usipofanya hivyo nikurudishe. Akamalizia, "Runinga zimeni, ongeeni naye nyinyi."

Basi baba yako, mtu ambaye hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu nusu, akawa anakaa na wewe barazani akikusimulia namna ya kubadilisha tairi. Kwanza unalegeza nati, mwanangu. Halafu unaweka jeki. Mimi niko jikoni nacheka peke yangu. Na siku moja, kabla miaka miwili haijatimia, ukanyooshea kidole ndoo iliyopinduka ukasema, "Maji yote." Kuanzia hapo hujanyamaza. Unaongea ukila, unaongea ukioga, unaongea usingizini. Macho kwako ni majicho, meno ni majino, na sikurekebishi. Kazi hiyo nawaachia wenzako wa chekechea.

Sasa nikueleze habari ya geti. Letu lina upenyo chini, tuliuacha kwa ajili ya maji ya mvua. Wewe ukagundua kwamba ukilala kifudifudi unaiona miguu ya wanaopita njiani. Ukaanza kuiamkia.

"Shikamoo miguu!"

Miguu ikasimama. "Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi. Unaenda wapi? Una viatu vyekundu. Mama anapika maharage."

Kutwa nzima hivyo. Dada aliyekuwa anakulea akakuondoa pale mara kadhaa, unarudi na kigodoro chako kidogo unakitandika. Bodaboda wakakuzoea, wakipita wanapunguza mwendo na kupiga honi, nawe unajibu "Pipii!" Muuza maziwa akawa anakuamkia yeye kwanza. Fundi aliyekuja kurekebisha bomba kwa jirani alikaa nje ya geti letu mpaka chai yake ikapoa, mnazungumza habari za panya.

Miguu ya kwanza iliyokubali kuinama ikawa uso ilikuwa ya bibi mmoja wa Kigogo anayepitisha mlenda na karanga kwa kichwa. Wewe shikamoo, yeye akakujibu, "Mbukwenyi." Ukamwuliza, "Eti nini?" Akarudia, ukarudia. Siku ya tatu ulilia mpaka nikafungua komeo, kwa sababu ulitaka kuona "bibi wa Mbukwenyi" ana kichwa gani. Akaingia, akatua ungo wake kivulini, na tangu siku hiyo kibaraza chetu kina mwenyewe.

Huyo bibi, mwanangu, alikuwa hapa kabla ya lami, kabla ya vigingi vya wapima viwanja. Anakwambia pale penye duka la dawa palikuwa na mbuyu, na kule kwenye ghorofa walilima uwele. Mlenda aliouleta mara ya kwanza niliuharibu, nikaupika kwa mafuta mengi na vitunguu kama mchicha. Aliuangalia sufuriani, akanyamaza kidogo, halafu akanifundisha: magadi kidogo, majani makavu yaliyotwangwa, karanga za kusaga mwishoni, na uache kukoroga kama unatafuta hela iliyodondoka. Siku hizi wewe hutaki ugali wa mboga nyingine. Zabibu anatuletea kutoka shamba la mwanawe Hombolo. Mizabibu huku inavunwa mara mbili kwa mwaka, na wewe ukiona msimu umekawia unamwuliza bibi wa watu kama zimeisha au anatunyima.

Lakini lililotusaidia zaidi si mboga. Ulikuwa unamwonyesha upenyo wako chini ya geti, yeye akasimama akaangalia nje, akamwita baba yako. Akamwonyesha kwa fimbo mahali korongo la zamani lilipopita kabla halijafukiwa kwa vifusi. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Disemba mpaka Aprili, na ikija inakuja kwa hasira; ardhi imekauka imekuwa ngumu, haiwahi kuinywa, maji yanatafuta njia yake ya zamani. Baba yako akachimba mtaro na kuupanua ule upenyo. Msimu ule maji yalishuka usiku, yakapita chini ya geti na kutokea upande wa pili, yakatuachia matope ya kufagia tu. Wewe asubuhi ukauliza nani ameiba kigodoro chako.

Kwa upande wa siri za nyumba, hatuna hata moja iliyobaki. Mama mboga alikuja getini ukamwambia, "Mama amesema nyanya zako zimeoza." Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama akanitazama, akatazama beseni lake, akasema, "Mtoto hasemi uongo," na tangu siku hiyo nyanya zangu anazichagua moja moja. Balozi wetu anajua baba yako anakoroma. Mama wa kikoba anajua nilificha hela kwenye kopo la unga, kwa hiyo nimezihamisha, na hapa sitaandika zilipo.

Kilele chako kilikuwa msimu wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni. Mji huu unabadilika miezi hiyo: nyumba za wageni zinajaa, chips zinapanda bei, magari ya namba za kila aina yanapita. Sisi nyumbani ilikuwa runinga tu, baba yako akifuatilia makadirio ya wizara yetu, nawe umekaa mkekani unasikiliza kuliko yeye. Hukuelewa bajeti. Ulichoelewa ni kwamba mtu mmoja akiuliza, wengine wote wanapiga kelele, na hakuna anayeambiwa anyamaze. Basi jioni ukapanda kwenye kigoda, ukagonga kikombe cha bati: "Wanaoafiki waseme ndiyoo!" Ukajibu mwenyewe, "Ndiyooo!" "Wasioafiki waseme siyo!" Mimi na baba yako tukasema siyo, kwa sababu hoja iliyokuwa mezani ni wewe kutooga. Ukatutazama wote wawili, ukatangaza, "Walioafiki wameshinda." Hukuoga. Baba yako alisema utaratibu umefuatwa.

Maswali yako mengine nayapita haraka, mengi sina majibu yake. Upepo unatafuta nini? Mbuzi wanakwenda mnadani kufanya nini, na mbona hawarudi? Kwa nini ule Mlima Simba hauna simba? Nani analala kwenye nyumba ya Rais akiwa safarini? Hilo la mbuzi alilijibu bibi, kwa ukweli mtupu, na ulikula nyama siku ile ile bila wasiwasi, kwa hiyo najua moyo wako ni mgumu kuliko wangu.

Halafu tukapanda treni ya umeme kwenda kumwona bibi yako mzaa mama, ambaye siku hizi yuko kwa mjomba wako Mbagala. Zamani kwa basi ilikuwa safari ya kutwa. Sasa unakunywa chai Dodoma, mchana unakula Dar. Behewa zima lilikufahamu kabla hatujafika Kilosa. Pale kwenye milima treni ikaingia kwenye handaki, madirisha yakawa meusi ghafla, watu kimya, wewe ukapaza sauti: "Mama, Luku imeisha!" Mzee mmoja mwenye kofia alicheka mpaka akakohoa. Alikuomba uhamie kiti cha pembeni yake, ukamsimulia kubadilisha tairi.

Mbagala, bibi yako alikuwa amejiandaa kwa shikamoo. Ukampa Mbukwenyi. Akaniangalia mimi: "Huyu mnamlea au mnamgeuza Mgogo?" Wajomba wakacheka, mmoja akakubeba na kukuuliza, "Kwenu wapi, mjomba?" Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nikujibie Tanga, kama ninavyojibu siku zote, Dodoma tupo kikazi tu. Ukanitangulia. "Kwetu Nzuguni. Kwa bibi wa mlenda."

"Bibi wa mlenda ndiye nani?" bibi yako akauliza, na si kwa sauti ya mzaha.

Nilimweleza. Aliona wivu, nisikufiche, siku nzima alikulisha vitumbua kwa nguvu na kukufundisha kusema "kwetu Tanga, baharini." Ulisema kwa adabu, kitumbua kikiwa mdomoni. Tulipoondoka alinipa kanga mpya doti moja, akaniambia nimpelekee huyo mwenzake, na nazi tano juu yake, aone watu wa pwani nao wana mboga. Njiani nilijaribu kukumbuka ni lini mimi niliambiwa nimpelekee jirani yangu yeyote wa Dodoma chochote. Baba yako nilipomsimulia alikaa kimya chake kile, halafu akasema ule muembe tuliokuwa tunaahirisha kuupanda, maana "tutahama tu", aupande.

Umepandwa. Unaumwagilia wewe, kwa kikombe cha Bunge.

Sasa ngoja niishie hapa, maana nina kazi, na kazi yenyewe umeniletea wewe. Jana jioni ulipokuwa getini umewaalika watu pilau Jumapili. Sikukusikia. Nimejua asubuhi hii, jirani wa kushoto aliponisimamisha njiani kuniuliza aje na soda za aina gani. Bodaboda wa kijiweni wamesema watakuja baada ya saa saba, wamalize abiria wa kanisani kwanza. Fundi bomba anakuja na mke wake. Mama mboga amesema nyanya na hoho ni juu yake, nisinunue. Bibi ameshafika tangu asubuhi, yuko hapa barazani na kanga yake ya Tanga, anapepeta mchele wa Bahi na kuniambia kilo nilizonunua hazitoshi, mtoto amealika mpaka watu wa barabara ya pili. Naenda kuongeza mchele, na kuazima sufuria kubwa ya kikoba kabla hawajaiazima wengine. Ukiamka, usialike mtu mwingine.

Mama yako